Stelingi hafi: Bruce Lee na picha niliyoichagua

Vijana wa maskani yetu wamenipa kazi ambayo nilidhani ni nyepesi. Wameazima projekta, jirani mmoja ametoa shuka jeupe, na Jumamosi hii baada ya Isha wataonyesha picha moja ya zamani ya kung fu kwenye uwanja wetu mdogo. Watoto watakaa mbele kwenye mikeka, wazee nyuma kwenye viti, akina mama kwenye vibaraza. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekulia kwenye senema, na mvi zangu zinashuhudia, nikaambiwa nichague. Sharti lao ni moja tu: iwe ya Bruce Lee.

Nikalipeleka suala hilo barazani, na hapo ndipo nilipokosea. Dhumna ikasimama. Ndugu yangu mmoja, mtoto wa ami, akasema hakuna picha zaidi ya Enter the Dragon na anayebisha akapimwe macho. Mwingine akaapa kwa Fist of Fury. Muuza kahawa, ambaye siku zote hujifanya hasikii tunayosema, akatua dele lake chini na kuanza kuitetea The Big Boss. Tuliachana saa tano usiku, kahawa imekwisha na jibu hakuna.

Nimekaa na jambo hili siku kadhaa sasa. Nimeona kwamba huwezi kuchagua picha ya mtu huyu bila kuyapitia maisha yake, kwa sababu picha zenyewe ni chache mno. Ukiziweka kando zile alizocheza utotoni, picha alizozikamilisha akiwa yeye ndiye stelingi ni nne. Ya tano aliiacha njiani. Picha nne na nusu, na dunia nzima ikamjua. Moja kati ya hizo nne imenigusa mahali ambapo sikutaka kuguswa, na nitaeleza kwa nini nikifika huko.

Bruce Lee alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 mjini San Francisco, Marekani, katika mtaa wa Wachina. Babake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwimbaji na mwigizaji wa opera ya Kikantoni, na wakati huo alikuwa safarini Marekani na kikundi chake. Mamake, Grace Ho, alikuwa na damu ya Kichina na ya Kizungu. Kwao mtoto aliitwa Lee Jun-fan. Kabla hajajua kutambaa alikwisha kubebwa mbele ya kamera, katika picha iitwayo Golden Gate Girl.

Mwaka 1941 wazazi wakarudi naye Hong Kong. Mji ule ulikuwa chini ya Mwingereza, kama sisi tulivyokuwa. Desemba mwaka huo huo Wajapani wakauvamia, wakaushika hadi 1945. Kwa hiyo mtoto huyu alianza kupata akili katika mji uliokuwa na mgeni mmoja juu ya mgeni mwingine, na mwenyeji chini ya wote wawili. Familia yao ilikaa katika nyumba ya ghorofa Nathan Road, upande wa Kowloon. Walikuwa watoto watano, yeye wa nne.

Baba alikuwa mtu wa jukwaani, na mtoto akafuata. Mwaka 1950 alicheza katika The Kid, akiwa mtoto wa miaka tisa, na jina la usanii alilolipata wakati huo ndilo Wachina wanalomwita hadi leo: Siu Lung, yaani Joka Dogo. Hadi kufikia miaka kumi na minane alikuwa ameonekana katika picha zipatazo ishirini. Wengi wetu hatulijui hilo. Tunadhani aliibuka ghafla na mateke yake, kumbe alikwisha kuzeeka kwenye kamera kabla hajapata ndevu.

Nje ya kamera alikuwa mgomvi. Baada ya vita Hong Kong ilifurika wakimbizi kutoka bara la China, nyumba zikasongamana, na vijana wakawa na magenge yao. Walipigana vichochoroni na juu ya mapaa ya nyumba. Alipofikia miaka kama kumi na mitatu akaenda kwa mwalimu Ip Man kujifunza Wing Chun, aina ya kung fu ya kupigana karibu kwa karibu, ngumi zinakwenda moja kwa moja bila kuzungushwa. Lakini kijana huyo huyo alikuwa akicheza dansi ya cha-cha, na mwaka 1958 akawa bingwa wa cha-cha wa Hong Kong. Ukimtazama miguu katika picha zake utaiona ile dansi. Kabla hajapiga, hucheza kwanza.

Ugomvi ulizidi hata polisi wakaingia kati, na wazazi wakaamua kumwondoa. Mwaka 1959 wakampandisha meli kurudi Marekani, alikozaliwa, na dola mia moja mfukoni. Sisi watu wa mwambao tunaijua hadithi hii. Ni nyumba ngapi mjini kwetu zilizowahi kumfungia kijana mtundu nguo zake na kumpeleka kwa jamaa ng'ambo, mama akitoa machozi dirishani na baba akijifanya ana hasira?

Alifikia San Francisco, kisha akaenda Seattle. Huko alikaa na kufanya kazi katika hoteli ya Kichina ya Ruby Chow, akihudumia meza. Mtoto wa mwigizaji maarufu, aliyezoea kutambuliwa barabarani, sasa anabeba sahani za watu. Alirudi shule, na mwaka 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington. Na kwa kuwa mikono haikutulia, akaanza kufundisha kung fu.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa watoto wetu walijue. Mwanafunzi wake wa kwanza Marekani alikuwa Jesse Glover, Mmarekani mweusi. Msaidizi wake mkubwa alikuwa Taky Kimura, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani ambaye wakati wa vita serikali ya Marekani ilimfungia kambini kwa sababu ya asili yake tu. Mtoto aliyelelewa chini ya bunduki za Wajapani akamfanya mtu wa asili ile ile kuwa mkono wake wa kulia. Wakati huo wapo walimu wa Kichina waliokataa kuwafundisha wasio Wachina. Yeye alimfundisha aliyekuja.

Mwaka 1964 akamwoa Linda Emery, msichana wa Kizungu aliyekuwa mwanafunzi wake. Upande wa mke haukupendezwa na ndoa ile. Wakati huo kulikuwa bado na majimbo Marekani ambako ndoa kama yao ilikuwa kosa la jinai. Walioana hata hivyo, wakapata watoto wawili, Brandon mwaka 1965 na Shannon mwaka 1969.

Mara tu baada ya harusi walihamia Oakland, na huko akapigana na mwalimu mwingine wa kung fu, Wong Jack-man, nyuma ya mlango uliofungwa. Sababu ya pambano hilo na nani alishinda vinabishaniwa hadi leo, kama sisi tunavyobishana barazani. Kinachojulikana ni alichofanya baadaye. Hakuridhika na nafsi yake. Aliona pumzi inamwishia na mtindo aliofundishwa unambana, akaanza kukimbia, kunyanyua vyuma, kusoma ndondi za Wazungu na mchezo wao wa vitara. Akachukua kinachofaa na kuacha kisichofaa. Mwaka 1967 njia yake hiyo ikapata jina la Jeet Kune Do.

Hollywood ilimwona mwaka 1964, alipoonyesha ufundi wake katika mashindano ya karate Long Beach, California. Kutoka hapo akapata kazi ya televisheni, mfululizo wa The Green Hornet, uliorushwa kuanzia 1966 hadi 1967. Alicheza kama Kato, dereva wa bwana mwenye picha. Alivaa kofia ya dereva na kificha uso, maneno machache, mateke mengi. Vipindi vikafika 26 vikakatwa. Hong Kong waliuonyesha mfululizo ule wakauita kwa jina la Kato, lakini yeye mwenyewe alikuwa mbali na hakujua ukubwa wa jina lake kule.

Baada ya hapo ikaja miaka ya kusukumwa. Aliwafundisha matajiri wa sinema, akina Steve McQueen na James Coburn, na yule mchezaji wa mpira wa vikapu wa futi saba na inchi mbili ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Walimlipa vizuri kuwafundisha, lakini hakupata nafasi ya kusimama mbele kama wao. Mwaka 1970 akaumia mgongo akinyanyua vyuma, na madaktari wakamwambia asitarajie kupiga teke tena. Alikaa miezi kitandani akiandika daftari kwa daftari, mke akaenda kufanya kazi, yeye akabaki na watoto. Kisha televisheni ikatafuta mtu wa kucheza mtawa wa Kishaolin katika mfululizo uitwao Kung Fu. Yeye alifikiriwa, na kazi akapewa David Carradine, Mzungu. Mchina akaonekana hafai kuwa Mchina.

Katika kipindi hicho hicho akageuza uso kwao. Kampuni changa ya Hong Kong iitwayo Golden Harvest, ya Raymond Chow, ikampa mkataba wa picha mbili kwa dola 15,000. Akakubali. Alikuwa na miaka thelathini, mgongo umeshikana kwa dua na mazoezi.

Ya kwanza ni The Big Boss, ya 1971, ile ya muuza kahawa wetu. Ilipigwa Thailand, na stelingi ni kijana mgeni anayekwenda kufanya kazi katika kiwanda cha barafu. Amemwahidi mamake kwamba hatapigana, na shingoni amevaa kidani cha kumkumbusha. Kwa muda mrefu anawatazama wenzake wakipigwa naye ameizuia mikono yake. Kumbe ndani ya barafu mna dawa za kulevya, na vibarua wanaogundua wanapotea. Namwelewa muuza kahawa. Mwenyewe alifanya kazi Arabuni miaka saba, na anajua kutazama na kunyamaza. Picha ile ilivunja rekodi ya mapato ya Hong Kong.

Ya pili, Fist of Fury ya 1972, ikaivunja rekodi hiyo. Kisa ni cha Shanghai ya mwanzo wa karne iliyopita, wageni wameugawa mji. Chen Zhen anarudi na kukuta mwalimu wake ameuawa kwa sumu, na Wajapani wanakuja hadi msibani kuwatukana Wachina. Kuna mahali anafika kwenye lango la bustani, na ubao unasema mbwa na Wachina hawaruhusiwi. Ubao ule anauvunja hewani kwa teke. Niliiona nikiwa mtoto, katika sinema moja hapa mjini, miaka kama saba baada ya mwenyewe kufa, na nakuambieni wazee walisimama kabla ya watoto. Nilidhani wameshangazwa na teke. Baadaye nilielewa kwamba wale ni watu waliokua na vilabu na vibao vyao humu humu nchini, mahali walipopita kila siku bila ruhusa ya kuingia.

Mwisho wa picha ile ulituumiza. Sheria yetu ya senema tuliijua sote: stelingi hafi. Adui anaweza kumpiga, kumfunga, kumwaga damu yake, lakini mwisho lazima asimame. Chen Zhen anatoka mlangoni, bunduki zimepangwa mbele yake, anaruka kuzikabili, na picha inaganda pale hewani. Risasi zinasikika. Tulitoka nje tukibishana kwamba hakufa.

Enter the Dragon niiweke mbele kidogo ya zamu yake, kwa sababu ndiyo inayojulikana zaidi. Ilipigwa Hong Kong mwanzoni mwa 1973 kwa fedha za Wamarekani wa Warner Bros. Stelingi anakwenda kisiwani kwenye mashindano ya bwana Han, na pambano la mwisho ni ndani ya chumba cha vioo. Pale kuna Jim Kelly, bingwa mweusi wa karate mwenye nywele za Afro, ambaye vijana wengi wa rika langu walifuga nywele kwa ajili yake. Ni picha nzuri, sibishi. Lakini humo Bruce Lee ametumwa. Waingereza wanamhitaji, naye anakwenda kuwafanyia kazi yao.

Sasa nifike kwenye ile iliyobaki. Desemba 1972 ilitoka The Way of the Dragon. Hii ni yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliiandika mwenyewe, akaiongoza mwenyewe, akapanga mapigano mwenyewe, chini ya kampuni aliyoianzisha pamoja na Raymond Chow. Mtu huyu aliyekuwa akitafuta miaka yote nafasi ya kusema lake, alipoipata alisema nini?

Alisema habari ya hoteli ndogo ya Wachina mjini Roma, na genge linalokitaka kiwanja chake.

Hicho ndicho kisa chote. Mwenye hoteli ni msichana aliyeirithi. Mkubwa wa genge anataka kuinunua sehemu ile, na msichana hataki kuuza. Kwanza wanakuja na maneno mazuri, kisha wanafukuza wateja, kisha wanaleta karatasi ya kutiwa sahihi na bunduki pembeni. Jamaa zake Hong Kong wanamtumia msaada, na msaada wenyewe ni Tang Lung, mtu wa shamba asiyejua lugha wala mji. Huko uwanja wa ndege anatazamwa kama mnyama. Anaingia hotelini, hawezi kusoma orodha ya vyakula, anaashiria kwa kidole na kuletewa supu juu ya supu, naye anazinywa zote kwa sababu aibu haimruhusu kurudisha. Utotoni tulicheka hapo hadi machozi. Wahudumu wa hoteli pia wanamdharau, mpaka siku genge linaporudi naye anawatoa nje nyuma ya hoteli.

Mwishoni mkubwa wa genge anakodi mabingwa wa karate, na mmoja wao ni Mmarekani aitwaye Colt, aliyechezwa na Chuck Norris katika picha iliyomtambulisha. Wanakutana ndani ya Colosseum, uwanja wa kale ambako Warumi walitazama watu wakiuana. Hakuna muziki wa kelele. Wanajinyoosha viungo kwanza kama watu wanaojiandaa kazi, na paka mdogo anawatazama. Tang Lung anaanza kwa kupigwa, na kupigwa sawasawa. Kisha anabadilisha miguu, anaanza kucheza, na hapo namwona yule kijana wa cha-cha na yule mtu wa Oakland aliyekubali kwamba mtindo wake haumtoshi. Anashinda. Adui, mguu na mkono vimevunjika, anakataa kusalimu amri, na Tang Lung analazimika kumuua. Halafu anachukua vazi lake la karate na kumfunika nalo, anaweka mkanda juu, anapiga goti. Katika picha zote nilizotazama ujanani sikuwahi kuona stelingi akimwomboleza adui.

Lakini wakati huo huo, nje kabisa ya mji, jambo lingine limetokea. Mzee wa ile hoteli, Wang, ambaye wote wanamwita mjomba, anayekula nao na kulala nao, amewachoma kisu vijana wawili wa nyumba yake kwa nyuma. Alikuwa upande wa genge. Alitaka hoteli iuzwe naye arudi Hong Kong akiwa tajiri. Wageni wote wale na bunduki zao hawakuweza kumtoa msichana pale. Aliyekaribia kufaulu ni mtu wa ndani.

Nimalize kwanza habari ya mwenyewe. Tarehe 10 Mei 1973, akiwa studio akitia sauti katika Enter the Dragon, alianguka na kupoteza fahamu. Madaktari wakakuta ubongo umevimba, wakamwokoa. Tarehe 20 Julai, akiwa katika nyumba ya mwigizaji Betty Ting Pei huko Kowloon, kichwa kilimuuma, akanywa kidonge cha maumivu, akalala, hakuamka. Alikuwa na miaka 32. Uchunguzi wa mahakama ulisema ni kifo cha bahati mbaya. Sisi watoto tulisema ni sumu, ni majini, ni kijicho, ni pigo la siri la mzee fulani wa Kichina, kwa sababu stelingi hafi hivi hivi, kwa kichwa kumuuma. Enter the Dragon ilifunguliwa Marekani mwezi uliofuata, na jina lake likaenea duniani naye hayupo kulisikia. Game of Death, aliyokuwa ameianza kabla yake, ikamaliziwa na watu wengine na kutolewa 1978. Maelfu walijaa barabarani Hong Kong kumuaga. Akazikwa Seattle, na miongoni mwa waliobeba jeneza walikuwamo Steve McQueen, James Coburn na Taky Kimura. Mwaka 1993 mwanawe Brandon akafa kwa ajali ya bunduki akipiga picha ya sinema, akazikwa ubavuni mwake.

Sasa langu.

Babu yetu alituachia shamba ng'ambo ya kivuko. Halikuwa kubwa: minazi, miembe miwili, na kisima. Mwaka 1990 babangu alikuwa amekwisha kufariki, na fungu lake lilihitaji sahihi yangu. Nilikuwa na miaka 22. Ami alikuja na dalali na karatasi. Mamangu hakupiga kelele. Alisema tu kwamba shamba lile si la walio hai peke yao, kisha akaniachia mwenyewe. Nilitia sahihi katika mkahawa mmoja mjini, chai ikiwa bado ya moto. Sikusoma hata ukurasa wa pili.

Fungu langu nililipwa taslimu, na kwa pesa zile nikanunua runinga na deki ya video, ya kwanza katika kichochoro chetu. Mkanda wa kwanza niliokodisha ulikuwa The Way of the Dragon. Watoto wa mtaa walijaa chumbani hadi mlangoni. Mzee Wang alipochomoa kisu, chumba kizima kilimzomea, na mimi nilizomea kuliko wote. Mamangu alikuwa kwenye kona akichagua mchele. Hakuinua uso. Miaka mingi imepita na yeye ametangulia, lakini mikono yake ile ikizunguka kwenye ungo siwezi kuisahau.

Leo shamba lile limezungushiwa ukuta mrefu. Wanangu wakipita huniuliza babu yao alizaliwa wapi, nami huonyesha kwa kidole juu ya ukuta, minazi inayoonekana vichwa tu. Deki iliharibika kabla ya miaka minne kwisha. Ipo bado, chini ya kitanda.

Ndiyo maana kuchagua kumenichukua siku zote hizi. Ami naye ni marehemu, na watoto wake ni ndugu zangu, tunakaa baraza moja. Nikiweka picha hii mbele ya mtaa mzima, yupo atakayedhani ninamsema mzee wake. Ingekuwa rahisi kuchukua Enter the Dragon, tukashangilia vioo, tukaenda kulala. Lakini miezi hii kuna madalali wanaozunguka tena mitaani kwetu, safari hii wanauliza nyumba, na wawili kati ya vijana watakaobeba ile projekta wamekwisha kuitwa mezani kunywa chai. Mmoja ana miaka 22.

Juzi nilimwendea yule ndugu yangu mtoto wa ami, kabla hajasikia kwa wengine. Nilimwambia nimechagua ipi, na kwamba kabla haijaanza nitasimama mbele ya shuka kuwaeleza watu deki yangu ilinunuliwa kwa nini. Ami sitamtaja. Sahihi yake si kazi yangu. Nitataja yangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama nahitaji viti vya ziada, kwa sababu kwao viko kumi.

Basi ni Jumamosi, baada ya Isha, The Way of the Dragon. Njooni na mikeka. Na kijana yeyote aliyeitiwa chai wiki hii, nimemwekea nafasi mbele, karibu na mimi.